Mjumbe mpya, MCA mpya: mama anauliza aandike nini kuhusu shule ya watoto wake

"Habari mwalimu. Mimi naishi Kariobangi North, Nairobi, nashona nguo. Mtoto wangu mdogo yuko chekechea, PP2, hapa karibu, mkubwa yuko Gredi ya 8 nyumbani, anakaa na shosho yake. Shule ya nyumbani haina maabara, mwalimu wa sayansi wa JSS (Gredi ya 7 hadi 9) ni mmoja, na kila term tunaitishwa pesa ya motisha ya walimu. Huku nako PP2 wamejaa kwa darasa moja. Uchaguzi mdogo wa Novemba 2025 tulipata mjumbe mpya wa Bunge kule nyumbani na MCA mpya, wa bunge la kaunti, hapa. Nilitaka niwafikie na maoni yangu kuhusu elimu kabla hawajazoea kiti. Jirani ananiambia nisijisumbue, bila kujua mtu hawasomi, tena kura yangu iko nyumbani kwa hivyo MCA wa huku hanihusu. Mjumbe nimemtumia WhatsApp, tick zikawa bluu, jibu hakuna. Nianzie wapi? Na naogopa mtoto asije akaonewa shuleni kwa sababu yangu."

Dada yangu, asante kwa kuandika. Hapa umeuliza mambo kama manne kwa pumzi moja na kila moja lina ofisi yake, ndio maana huenda ukaandika barua nzuri kabisa na isifike popote. Lakini nianze kwa kukuambia umewaza vizuri. Wakati wa kumfikia mtu aliyechaguliwa ni mapema, kabla watu wa kumzunguka hawajampangia nani wa kusikizwa na nani wa kuambiwa arudi kesho. Uchaguzi mdogo wa 27 Novemba 2025 uliingiza wajumbe wapya Malava, Mbeere North, Kasipul, Ugunja, Magarini na Banissa, na wadi yenu ya Kariobangi North ilikuwa kwa orodha ya wadi siku hiyo hiyo, kwa hivyo wewe umebahatika una wapya wawili kwa mara moja.

Hiyo ya jirani kuhusu kura tuimalize haraka. Kifungu cha 119 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi bungeni. Kila mtu, hakisemi kila mpiga kura wa eneo fulani. Kwa upande wa kaunti kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, nayo inampa mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Mtoto wako anasoma kwa hiyo wadi, wewe unalala hapo, unafanya biashara hapo. MCA anawakilisha wanaokaa wadi yake hata wale ambao jina lao liko rejista ya mahali pengine, na Nairobi hii ukisema watu wa kura za ushago wanyamaze nusu ya mtaa itanyamaza. Usimwambie yeyote ulipigia nani kura wala wapi, haihitajiki kwa barua.

Sasa tuje kwa kitu kinachomaliza watu nguvu. Wengi wakipata mjumbe mpya wanaandika barua moja yenye kila kitu, walimu, maabara, basari, barabara ya kwenda shule, mtihani, halafu wanaituma kwa mjumbe, MCA, seneta na mama kaunti (mwakilishi wa wanawake), hiyo hiyo moja. Kila mmoja anaisoma na kuona ni ya mwingine. Jedwali la Nne la Katiba limegawa hii kazi. Serikali ya kitaifa ina sera ya elimu, mtaala, mitihani, shule za msingi na sekondari na vyuo vikuu. Kaunti ina elimu ya chekechea, yaani PP1 na PP2, vyuo vya ufundi vya mashinani na vituo vya kulelea watoto. Basi PP2 iliyojaa ni ya MCA na gavana, na Gredi ya 8 ni ya mjumbe na serikali ya kitaifa. Ukimwambia MCA wa Kariobangi North habari za JSS atakuitikia kwa heshima na hana la kufanya, na ukimwambia mjumbe habari za PP2 ni vile vile.

Hata ndani ya hayo ya mjumbe bado kuna mgawanyo. Chukua mwalimu wa sayansi. Watu wengi wanaamini mjumbe anaeza leta mwalimu. Hawezi, kuajiri na kuhamisha walimu ni kazi ya TSC, tume ya walimu, iko kwa kifungu cha 237 cha Katiba na ni tume huru. Ndio, kuna wajumbe hupiga simu na mwalimu anaonekana wiki ijayo, lakini huyo mwalimu ametolewa mahali, na huko alikotolewa kuna mama mwingine kama wewe anaandika barua. Mimi siwezi kukushauri uombe hivyo. Nguvu halisi ya mjumbe ni kuuliza swali ambalo serikali lazima ilijibu, kukaa kwa kamati inayoita maafisa na kuwahoji, na kupiga kura kwa bajeti ambayo ndiyo inaamua TSC itaajiri wangapi. Kwa hivyo badala ya "tuletee mwalimu" mwandikie "uliza TSC shule hii inastahili walimu wangapi wa JSS, wako wangapi, na pengo litajazwa lini". Ombi la kwanza anaweza kulipuuza akisema si kazi yake, na atakuwa anasema ukweli. La pili ni kazi yake kabisa.

Motisha nayo ina pande mbili. Upande wa kwanza tayari ni sheria, hauhitaji maoni ya mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma haitozi karo ya masomo, na ada nyingine yoyote lazima iidhinishwe na Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ikiidhinishwa mtoto hafukuzwi kwa kukosa kuilipa, na haikusanywi bila risiti rasmi. Mwambie shosho wakati mwingine akilipa aitishe risiti, aulize kwa upole kibali cha hiyo ada kiko wapi. Kama hakuna risiti wala kibali, hiyo ni ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ofisi yake haiko mbali na kwenu na haihitaji mheshimiwa yeyote. Upande wa pili ni kwa nini shule inaitisha, na huo sasa ndio wa mjumbe. Pesa za serikali kwa kila mtoto, zile tunaita kapitesheni, zinachelewa na saa zingine hazifiki zote. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wajumbe wa Kamati ya Elimu wazi kwamba ile Sh22,244 ya kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka serikali haiwezi kuifikisha, inayowezekana ni kama Sh16,900. Ilisemwa mbele ya watu wale wale wanaopitisha bajeti. Kwa hivyo mwalimu mkuu anayekuitisha motisha pengine anavunja sheria na pengine pia amebanwa kweli, na ukimwendea mjumbe ukiwa unaelewa pande zote mbili atakusikiza tofauti kuliko ukienda kumshtaki mwalimu.

Tick za bluu. Usizichukulie kama dharau. Simu ya mjumbe aliyetoka tu kuchaguliwa inapokea ujumbe mwingi mno kwa siku, pole za matanga, mialiko ya harambee, karo, bili za hospitali, watu wa kutafuta kazi, na mara nyingi aliyeifungua ni msaidizi wake. Ujumbe wa WhatsApp hauna faili. Ukipita juu ya skrini umeisha, hakuna mtu ameandika mahali kwamba ulikuja, na hakuna mtu ataulizwa ulienda wapi. Barua yenye muhuri wa kupokelewa inakaa kwa faili, ina tarehe, na karani wa ofisi anajua kuna siku utarudi kuiulizia.

Najua mtu atakukumbusha Juni 2024, vile vijana walijaza simu za wajumbe wakati wa Mswada wa Fedha mpaka zikazimwa, na mswada ukarudishwa. Ni kweli, na kuna waliolipia hiyo wiki kwa maisha yao, sitaki kuongea juu juu. Lakini ile ilikuwa kura moja, siku moja, ndio au la. Maabara ya shule moja na walimu wa JSS haiendi hivyo, ni kazi ya kufuata miezi na miezi, na kelele ya siku moja haifuati kitu miezi.

Halafu kuna jambo ambalo wewe mwenyewe hujaliona. Bunge la Taifa hukaa Jumanne mchana, Jumatano asubuhi na mchana, na Alhamisi mchana, na kamati zinakutana kwa hizo siku kabla au baada. Maana yake mjumbe wa kwenu katikati ya wiki yuko hapa Nairobi. Watu wa nyumbani wanamwona Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, matangani na kanisani, kila mtu akimshika mkono na shida yake. Wewe unayekaa Kariobangi uko karibu naye Jumanne hadi Alhamisi kuliko jirani yake wa ushago. Wajumbe wana ofisi huku mjini, wengi Bunge Tower, lile jengo lililofunguliwa 2024. Huwezi kuingia tu, inabidi ofisi yake ijue unakuja na uwe na kitambulisho, lakini siku unayoomba ikiwa ni katikati ya wiki una nafasi nzuri kuliko mtu anayemtafuta kwa harusi.

Mjumbe mpya pia ana upungufu ambao wa zamani hana, na hapa ndipo barua yako inaweza kumsaidia yeye kabla haijakusaidia wewe. Hajui idadi ya walimu wa JSS kwa kila shule ya eneobunge lake. Anajua barabara zake, anajua wazee wake, takwimu za shule bado. Akisimama bungeni anahitaji mfano wa kweli wenye namba, na ukimpa huo mfano ukiwa umeuhakikisha ataukumbuka. Lakini pia hesabu muda wake. Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027. Mtu aliyeingia Novemba 2025 hana hata miaka miwili, kwa hivyo usimwombe abadilishe sheria ya elimu, hatamaliza. Mwombe kitu kinachoweza kukamilika ndani ya bajeti moja.

Hizo namba utazitoa wapi? Tuchukue kapitesheni ya JSS. Kiwango kilichowekwa ni Sh15,042 kwa kila mtoto kwa mwaka, na kawaida hugawanywa asilimia 50 term ya kwanza, 30 ya pili, 20 ya tatu. Nusu ya 15,042 ni 7,521. Tuseme JSS ya kwenu ina watoto 200, term ya kwanza ilistahili kupata Sh1,504,200. Sasa swali la kumuuliza mwalimu mkuu ni fupi: ziliingia ngapi, na tarehe gani? Kama ziliingia laki nane basi una pengo unaloweza kuliandika kwa tarakimu, na mjumbe anaweza kulibeba vile lilivyo mpaka kwa Kamati ya Elimu. Mwalimu mkuu wengi watakuambia tu, tena kwa furaha, kwa sababu unamsaidia kueleza kile wazazi wamekuwa wakimlaumu. Akikataa, Katiba kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21, na ukinyimwa unapeleka lalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, ile ya malalamiko ya wananchi, ambayo ni bure.

Na ukiwa hapo uliza kitu kingine ambacho wazazi hawakiulizi: ni watoto wangapi wamesajiliwa kwa mfumo wa wizara, ule NEMIS ambao sasa unahamishiwa KEMIS. Pesa zinafuata mtoto aliye kwa mfumo. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anakaa darasani, anakula nafasi ya dawati, lakini kwa hesabu ya Nairobi hayuko. Nimeona shule zinalia kapitesheni ni ndogo na sehemu ya shida ni vyeti vya watoto thelathini arobaini vilivyokwama. Hiyo mjumbe hahitaji hata bunge, anaweza kuwaomba watu wa usajili wa vizazi waje shuleni siku moja, na ndio kitu mjumbe mpya anapenda kwa sababu kinaonekana haraka.

Maabara sasa. Kwa miaka mingi madarasa na maabara zimejengwa na NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, ndio maana kila mtu anakimbilia kwa mjumbe. Ujue tu kwamba Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua sheria ya huo mfuko inakiuka Katiba na ikauwekea mwisho wa 30 Juni 2026, na wajumbe wakakata rufaa. Kwa hivyo kabla hujaweka matumaini yako yote hapo, piga simu ofisi ya eneobunge uulize moja kwa moja: mnapokea maombi ya miradi ya shule saa hii, na mwisho ni lini? Ombi lenyewe linatoka kwa bodi ya shule, likiwa na makisio ya gharama, haliwi la mzazi mmoja. Kazi yako wewe ni kuhakikisha bodi imeliandika. Bodi ya shule ina wawakilishi wa wazazi ndani yake na pia kuna chama cha wazazi, na shosho akienda mkutano wa wazazi anaweza kuuliza hilo swali moja tu, kwamba je, bodi iliomba maabara, na kopi iko wapi. Mara nyingine utakuta haijawahi kuombwa.

Ukitaka kumweleza mjumbe kwa nini maabara ni ya haraka, usimwambie kwamba sayansi ni muhimu kwa taifa, hiyo amesikia. Mwambie hivi: nafasi ya mtoto kuingia senior school inahesabiwa kwa KPSEA (mtihani wa Gredi ya 6) asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA (mtihani wa Gredi ya 9) asilimia 60. Mtoto wako anakusanya hiyo 20 ya katikati sasa hivi, kwa shule isiyo na meza ya majaribio, na mtoto wa shule yenye maabara anakusanya hiyo hiyo 20. Gredi ya 9 atakaa KJSEA 2027. Akitaka njia ya STEM, yaani sayansi na hesabu, atashindana na yule mwingine kwa alama ambazo zimekusanywa kwa hali mbili tofauti. Hapo mjumbe anaelewa kwamba kuchelewa mwaka mmoja si kuchelewa tu, kuna watoto watakuwa wamepita.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Kitu kama hiki, ubadilishe iwe na namba zako:

"Mheshimiwa, mimi ni mzazi wa mtoto wa Gredi ya 8 katika shule ya msingi (jina), wadi ya (jina). JSS yetu ina wanafunzi 200, na mwalimu wa sayansi ni mmoja kwa Gredi ya 7, 8 na 9. Maabara hakuna. Pesa za kapitesheni za term ya kwanza zilistahili kuwa Sh1,504,200, zilizofika ni (kiasi), tarehe (siku). Naomba jambo moja: uulize kwa maandishi Wizara ya Elimu na TSC pengo hili la pesa na la walimu litajazwa lini, na utuletee jibu sisi wazazi. Nitapiga simu ofisini kwako baada ya wiki mbili kujua imefikia wapi. Wako mwananchi, (jina na nambari ya simu)."

Ona haina malalamiko ya maisha, haina siasa, haimsifu kupita kiasi kwa ushindi wake. Pongezi ya mstari mmoja kwa mtu mpya ni adabu, weka. Toa kopi mbili, moja uwaachie, nyingine wakupigie muhuri na tarehe na uende nayo. Wakikataa kupiga muhuri mwambie aliyepokea aandike jina lake na tarehe kwa kopi yako, usiondoke bila hiyo. Kisha piga picha ile kopi yenye muhuri umtumie mjumbe kwa ile WhatsApp yake, na sasa ujumbe wako una kitu nyuma yake. Na ukisema utapiga simu baada ya wiki mbili, piga kweli. Ofisi nyingi huwa zinapima ni nani atarudi.

Ya MCA ni barua nyingine kabisa, fupi zaidi. Mwambie watoto wa PP2 ni wangapi kwa darasa moja, walimu ni wangapi, na umwombe jambo moja kwa bajeti ya kaunti, darasa au mwalimu, chagua. Bunge la Kaunti ya Nairobi liko City Hall, ni matatu moja tu kutoka kwako, kwa hivyo hii ndiyo ningeanza nayo kama ningekuwa wewe. Utajifunza nayo kabla hujafika kwa ile kubwa.

Tarehe zitakusaidia kuliko kujuana na mtu. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Taarifa ya sera ya bajeti ya kitaifa lazima ifike Bunge kabla ya 15 Februari, ile ya kaunti kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti yote mawili kabla ya 30 Aprili. Kati ya hapo na Juni kamati zinaita maoni ya wananchi, zinatangaza gazetini na kwa mitandao yao, na maoni yanaweza kutumwa kwa barua pepe. Barua ikifika Machi inakutana na watu ambao bado wanasukuma namba. Ikifika Julai inakutana na bajeti iliyofungwa na utaambiwa ngoja mwaka ujao, si kwa ubaya. Kama hiyo miezi imepita ukisoma hii, andika tu, lakini omba vitu visivyohitaji bajeti mpya: swali la maandishi, watu wa usajili, kikao na mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo.

Petisheni nimeiacha hadi hapa makusudi, kwa sababu watu huikimbilia kama silaha ya kwanza na mimi naona ni ya pili. Ina nguvu, ndio. Mtu mmoja anaweza kuipeleka, si lazima sahihi elfu, hailipiwi, haihitaji wakili, na inaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, lugha ya heshima. Unaielekeza kwa Bunge kupitia Karani, unaeleza jambo, unasema kama uko na kesi mahakamani kuhusu hilo au hapana, unaeleza ni ofisi gani tayari ulienda na walijibu nini, kisha unamaliza kwa kuomba Bunge lifanye nini hasa, na unaweka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au kidole gumba. Ikikubaliwa inaenda kwa kamati, ambayo ina muda uliowekwa wa kutoa ripoti. Lakini ona hapo kwa ofisi ulizoenda. Bila zile barua zenye muhuri huna cha kuandika hapo. Na petisheni inafaa jambo la watoto wengi, kwa mfano walimu wa sayansi wa JSS kwa eneobunge zima, si mwalimu mmoja wa shule moja. Kama mjumbe atakaa na barua yako bila kuijibu hata baada ya kufuata, tafuta wazazi wa shule nyingine tatu nne zenye shida hiyo, halafu muandike pamoja. Si lazima mjumbe wenu ndiye aipeleke, Karani anaipokea kutoka kwa mwananchi moja kwa moja.

Hofu yako kuhusu mtoto ni ya haki na sitakuambia uipuuze. Usiweke jina la mtoto kwa barua, wala darasa lake kamili kama shule ni ndogo. Usimtaje mwalimu yeyote kwa jina. Ukiweza, barua itoke kwa wazazi watano wenye sahihi, siku hizi kundi la WhatsApp la wazazi linatosha kuwapata, na hapo hakuna mmoja wa kuonyeshwa kidole. Mpe mwalimu mkuu kopi kabla hujaituma. Najua inaonekana kinyume, lakini mwalimu mkuu akisikia habari za shule yake kwa mjumbe ndipo anahisi ameshtakiwa, na akiiona mapema akakuta inaombea shule yake pesa na walimu, wengi watakuongezea namba ambazo hukuwa nazo.

Kuna mambo ambayo hayangoji haya yote, na kwa hayo usikae ukiandika. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya motisha, shosho aende siku hiyo hiyo kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo akiwa na huyo mtoto. Akipigwa au kuguswa vibaya, au akitishwa kwa sababu ya barua yako, ni afisa wa watoto na polisi, na nambari ya 116 ya Childline inapigwa bure saa yoyote. Kama kuna mtu anataka kukushtaki kwa ulichoandika, au shule imekataa kabisa kumrudisha mtoto, hapo unahitaji wakili wa kukaa na karatasi zako mezani, na hapa Nairobi unaweza kuanzia Kituo cha Sheria au huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, zote zinasaidia wasio na pesa za wakili. Beba zile kopi zenye muhuri, risiti za motisha kama zipo, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.